Kidonda cha sukari: ngozi ya maabara inaponya, lakini mguu unaokolewa nyumbani

Mwezi wa Juni na wa Julai, baridi inapouma Likasi, watu wengi husogeza miguu karibu na mbabula. Mwenye ugonjwa wa sukari anaweza kuungua bila kusikia maumivu. Sukari nyingi katika damu huharibu mishipa ya fahamu ya miguu na kuziba ile inayopeleka damu. Kidonda kidogo hukaa miezi, huoza, na mwisho waganga hulazimika kukata mguu.

Marekani kuna matibabu yanayotumia chembe hai. Mojawapo ni Apligraf, iliyoruhusiwa mwaka 2000 kwa vidonda vya miguu vya wenye sukari. Chembe hutolewa katika ngozi inayokatwa watoto wachanga wanapotahiriwa. Hukuzwa maabarani pamoja na kolajeni ya ng'ombe hadi kupata kipande cha ngozi chenye tabaka mbili. Muganga hukiweka juu ya kidonda kilichosafishwa. Chembe hizo hutoa protini zinazoamsha chembe za mgonjwa mwenyewe, nazo ndizo hufunga kidonda.

Je, inafaa? Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulifuata wagonjwa 208 huko Marekani. Baada ya wiki 12, vidonda vilifunga kabisa kwa asilimia 56 ya waliowekewa ngozi hiyo. Kwa waliotunzwa bila ngozi hiyo, ni asilimia 38.

Lakini makundi yote mawili yalisafishiwa vidonda, na wote walizuiwa kukanyagia sehemu yenye kidonda. Bila hayo, ngozi ya maabara haisaidii. Tena kipande kimoja kinauzwa zaidi ya dola 1,000, na hakikai siku nyingi kabla ya kuharibika.

Kwa mkaaji wa Kikula au Panda, asilimia 38 ile ndiyo habari kubwa: wale walipona kwa usafi, bendeji na kupumzisha mguu. Tanzania ilifuata njia hiyo kupitia programu ya Step by Step, ambayo Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam aliiongoza, kwa kufundisha waganga na wauguzi kutunza miguu.

Kama una sukari, angalia nyayo zako kila jioni, hata katikati ya vidole. Usitembee bila viatu, na usiote moto kwa miguu. Ukiona kidonda, uvimbe, harufu au weusi, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama hakiumi. Kutokuuma ndiyo hatari yenyewe.