Kumtafuta Babu wa Karne ya 18: Toby Alikuwa Nani? (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza kwa nini mtafiti wa ukoo huanzia kwa wazazi wake akarudi nyuma kizazi baada ya kizazi, badala ya kurukia moja kwa moja jina la kale analolitamani. Leo tuitazame kesi ambayo wengi wanaijua kwa filamu kuliko kwa nyaraka: ukoo wa Alex Haley, Mmarekani mweusi aliyetoa kitabu cha Roots mwaka 1976. Humo anadai kuwa yeye ni kizazi cha saba kuanzia kwa Kunta Kinte, kijana wa Juffure nchini Gambia, aliyeuzwa utumwani akapewa jina la Toby.

Haley alianza vizuri. Bibi yake alikuwa akisimulia habari za ukoo, na simulizi hizo zilimfikisha kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa mjini Washington. Katika sensa ya 1870, wilaya ya Alamance, North Carolina, alimkuta Tom Murray aliyetajwa na bibi, mweusi, mfua chuma. Na pamoja naye mkewe Irene na watoto, kama bibi alivyosema. Ushahidi wa namna hiyo una uzito. Jina moja lingeweza kuwa la mtu yeyote, lakini hapa kundi zima la majina, kazi na mahali vilikubaliana na simulizi. (Karani wa 1870 hakuandika nani ni mke au mtoto wa nani, safu ya uhusiano iliongezwa 1880.)

Kabla ya 1870 njia hufungwa. Sensa za 1850 na 1860 zilikuwa na daftari maalumu za watumwa, lakini jina lililoandikwa kwa kawaida ni la bwana tu. Chini yake kila mtumwa alipewa mstari wenye umri, jinsia na rangi, basi. Ukirudi hadi sensa ya kwanza ya Marekani, iliyoanza tarehe 2 Agosti 1790, hata mke wa bwana hana jina. Aliandikwa mkuu wa kaya peke yake. Wengine wote ni tarakimu katika safu tano: wanaume weupe huru wa miaka 16 na zaidi, wavulana weupe wa chini ya hapo, wanawake weupe, watu wengine huru, na watumwa. Serikali changa ilitaka kujua ina wanaume wangapi wa kazi na wa vita, si kuwatunzia watu nasaba zao. Walihesabiwa watu 3,929,214, na karibu 700,000 kati yao walikuwa watumwa. Tena daftari za Virginia, alikoishi Toby, zimepotea. Kitabu kilichochapishwa 1908 kuziba pengo hilo kimetokana hasa na hesabu za watu za jimbo hilo za 1782 hadi 1785.

Kwa hiyo mtumwa wa karne ya 18 hatafutwi kwenye sensa. Kisheria alikuwa mali, na mali huacha karatasi: wosia, orodha ya vitu vya marehemu, hati za mauzo, madeni, kodi. Virginia ilikuwa na jambo jingine la kuchoma moyo. Mtoto aliyeletwa kutoka Afrika alipelekwa mahakama ya wilaya, mahakimu wakamtazama na kumkadiria umri, ili ijulikane ni lini bwana wake ataanza kumlipia kodi. Katika daftari za mahakama hizo, kati ya kesi za madeni na za mipaka ya mashamba, umo mstari wa mtoto kama huyo.

Haley aliendelea kwa njia nyingine. Msimulizi wa Juffure alimweleza habari za Kunta aliyepotea. Akatafuta meli, akaipata Lord Ligonier, iliyotia nanga Annapolis tarehe 29 Septemba 1767 ikiwa na Waafrika 98 walio hai. Kisha akakuta hati ya tarehe 5 Septemba 1768, wilaya ya Spotsylvania, ambamo John Waller anamhamishia ndugu yake William ardhi na mali, akiwamo mtumwa aitwaye Toby. Meli, mwaka, jina. Kila kitu kikaonekana kushikana.

Mark Ottaway wa gazeti la Sunday Times la London alikwenda Juffure mwaka 1977 akarudi na shaka nzito: msimulizi alikuwa ameshajua mgeni anatafuta nini. Hilo halitushangazi sisi wa pwani. Mwulize mzee, "Babu yetu alitoka Shiraz, au siyo?", naye kwa adabu tu atakuitikia.

Pigo kubwa lilikuja Januari 1981, kwenye jarida la historia la Virginia. Watafiti Gary Mills na Elizabeth Shown Mills walizisoma upya karatasi za akina Waller, ila wao hawakuanzia 1767. Wakamkuta Toby kwa Waller tangu 1762, miaka 5 kabla ya Lord Ligonier kufika. Halafu katika orodha ya kodi ya 1782 hayumo tena, na yaelekea alikuwa ameshafariki. Kizzy, anayesemwa kuwa binti yake, kitabu kinasema alizaliwa miaka 8 baadaye.

Haley alitafuta kuanzia mwaka alioutaka, na karatasi za nyuma yake hazikufunguliwa. Mtu akiamua jibu kabla ya kufungua daftari, daftari humpa jibu hilohilo. Toby lilikuwa jina la kawaida kwa watumwa, na kulikuta kwenye hati hakuthibitishi chochote mpaka uwe umewaondoa akina Toby wengine wote wa mahali hapo, na umri, bwana na miaka vikubaliane.

Roots iliwafungua macho mamilioni ya watu, na ilistahili tuzo maalumu ya Pulitzer ya 1977. Lakini kama ushahidi wa nasaba, hukumu yangu ni hii: kwa Tom Murray nyaraka zinakubali, kwa Toby zinakataa.

Juma lijalo tutafungua orodha za kodi za Virginia, ambamo katika wilaya nyingi miaka ya mwanzo watumwa waliandikwa kwa majina.