Harufu ya Choo Kazini: Dawa Yake ni Hewa, si Manukato



Choo cha kazini si jambo la kuonea aibu mkutanoni. Ni jambo la kazi, kama mshahara na saa za kazi. Kigali ni mji wa vilima uliokua kwa miaka mingi bila mtandao mmoja wa mabomba ya majitaka. Viwanda vingi, na kambi za mashamba ya chai nje ya mji, vimetegemea shimo au tangi la ardhini. Basi yatupasa kujua kwa nini tangi hunuka na tufanye nini.

Uchafu ulio ndani ya tangi huliwa na vijidudu. Pasipo na hewa, vijidudu hivyo hutoa gesi. Moja ni methani, isiyo na harufu lakini huwaka moto. Nyingine ni haidrojeni salfaidi, inayonuka kama yai viza. Gesi hizi zikikosa njia ya kupandia juu, hurudi kwa tundu la choo. Manukato huficha tu. Klorini nyingi huua vijidudu vinavyosaga uchafu, na ikichanganywa na asidi ya kusafishia choo hutoa gesi ya sumu.

Haya ndiyo yafaayo:

1. Bomba la hewa. Katika miaka ya 1970 Maabara ya Blair, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, ilitengeneza choo cha shimo chenye bomba refu. Upepo ukipita juu ya bomba huvuta hewa chafu kutoka shimoni, na hewa safi huingilia tundu la choo. Kwa hiyo tundu hilo lisizibwe. Bomba lipite paa kwa nusu mita, na juu lifungwe wavu. Chumba kikiwa na giza, nzi wa shimoni hufuata mwanga wa bomba, wakanaswa na wavu.

2. Majivu au maji. Shimo kavu linyunyiziwe majivu kila baada ya haja, wala lisimwagiwe maji ya kufulia. Tangi la majitaka, kinyume chake, lataka maji ya kutosha ili uchafu usigande. Choo kisichotumika siku nyingi kimwagiwe maji, kwa sababu maji ya kwenye kiwiko cha bomba yakikauka, harufu hupita. Matambara na mafuta ya mashine yasitupwe humo.

3. Kunyonya mapema. Tope likifika theluthi ya tangi, lori la kunyonya majitaka liitwe. Tusingoje masika ya Machi hadi Mei, maji ya mvua yakafurisha shimo.

Sasa tusikilizane vizuri. Mtu asiingie ndani ya tangi kwa ndoo na kamba, hata kapita akisema ni kazi ya dakika tano. Haidrojeni salfaidi ikiwa nyingi huiua pua kwanza: harufu hutoweka, nawe wadhani hewa imekuwa safi, kumbe sumu imezidi. Mtu huanguka bila kupiga kelele. Mwenzake akishuka kumwokoa bila chombo cha kupumulia, huanguka naye. Wala asiwashe kiberiti kuchungulia, kwa ajili ya methani.

Gharama si yetu. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1981, wasema hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Sheria ya kazi ya Rwanda ya mwaka 2018 nayo yamtaka mwajiri alinde afya na usalama wa watu wake. Bomba, wavu na lori ni juu ya mwajiri. Kazi yetu ni kutumia choo vizuri, kukikagua na kusema mapema.

Wajumbe wa matawi, kagueni vyoo wiki hii. Andikeni kasoro mlizoziona, na tarehe, mkazipeleke kwa mwajiri kwa barua. Nakala ibaki tawini.