"Nipige" au "Nipigie"?

Juzi baada ya sala ya Alasiri katika Msikiti wa Jamia, Nairobi, nilipanda matatu kwenda Kilimani kumtazama mpwa wangu. Husoma Kichina Chuo Kikuu cha Nairobi, kwenye Taasisi ya Confucius iliyofunguliwa 2005, ya kwanza Afrika. Jioni huuza duka la Mchina.

Nilimkuta amenuna. Alimwandikia tajiri wake "da wo", akidhani amesema "nipigie simu". Kumbe amemwambia "nipige"! Sasa alihofia kibarua chake.

"Mjomba, neno lenyewe hili," akaniandikia 打: kushoto mkono, kulia kitu mfano wa msumari. Husomwa da, maana yake kupiga. Na Wachina, kama sisi, hupiga simu, hupiga ngoma, hupiga chapa, hupiga sindano. Hata radi kwao hupiga. Halafu wanatuacha njiani: kuteka maji ni da, kufuma sweta da, kufanya kibarua pia da. Ukiipandisha sauti, imekuwa dazeni! Lakini pasi na hodi twapiga sisi, wao hawapigi.

Alitakiwa aseme "da gei wo". Hiyo gei ndiyo kazi ya ile i yetu katika "nipigie". Mtoto wa Mombasa kukosea hapo!

Nikiaga, tajiri akatokea, akamwambia kwa Kiswahili chake: "Kesho saa mbili nitakupiga."