Daktari na kuta za jangwani

Kaskazini mwa Arizona, Marekani, barabara ziendazo Grand Canyon hukata ardhi nyekundu, kavu, isiyo na miti ya kusema. Hapa na pale kando ya lami kimesimama kibanda cha mbao ambamo familia ya Kinavajo, watu wa asili wa eneo hilo, huuza shanga, mikufu ya fedha na vito vya feruzi. Watalii wengi hupita kwa kasi. Lakini kwa miaka kadhaa sasa baadhi ya vibanda hivyo vimewafanya wakanyage breki, maana ukuta mzima umefunikwa na picha ya uso wa bibi mzee, mikunjo yake yote ikionekana toka mbali.

Aliyeanza kazi hiyo ni Chip Thomas, daktari Mmarekani mweusi mzaliwa wa North Carolina. Alifika mwaka 1987 katika zahanati ya Inscription House, humo humo katika nchi ya Wanavajo, kutumikia miaka 4, kulipa deni la masomo yake ya udaktari. Akakaa zaidi ya miaka 30. Saa zake za mapumziko alizitumia kuwatembelea watu majumbani na machungani, akiwapiga picha za rangi nyeusi na nyeupe na kuzisafisha mwenyewe katika chumba cha giza. Mwaka 2009, baada ya safari ya Brazil alikovutiwa na wachoraji wa mitaani, alianza kuzikuza picha zile, kuzichapa vipande vipande kwenye karatasi na kuzibandika kwa gundi ya unga wa ngano na maji. Alibandika kwenye vibanda, matangi ya maji na majengo yaliyohamwa.

Kuna kisa ambacho Thomas mwenyewe amekisimulia mara nyingi. Alibandika picha kwenye kibanda alichodhani kimetelekezwa. Siku nyingine akipita akawakuta wenyewe wanakikarabati: watalii walikuwa wanasimama kupiga picha, na aliyesimama hununua. Hawakujua kwamba mbandikaji ndiye huyo aliye mbele yao. Walipojua, walimwomba aweke nyingine upande wa pili. Mimi nakipenda kisa hiki kuliko sifa zote alizopewa na majarida ya sanaa, kwa sababu hapo wenye kibanda ndio waliopima kazi, na walipima kwa riziki yao.

Mwaka 2012 akaanzisha Painted Desert Project, mradi wa kuwaalika wasanii wa mitaani kutoka miji ya mbali waje kuchora katika nchi ya Wanavajo. Hapo ndipo penye mtihani. Mgeni hupanda ndege na rangi zake, huchora anachokijua, hupiga picha ya kupeleka kwao, huondoka. Mwenyeji ndiye abakiye akiutazama ukuta ule asubuhi na jioni. Kwa Wanavajo, kama kwetu, bundi ni ndege wa kuleta habari mbaya. Msanii asiyejua hilo anaweza kumtundikia mtu nuksi mlangoni pake akidhani amempa zawadi. Thomas aliwataka wageni wake wakae na watu kwanza, wasikilize, ndipo washike brashi. Miradi mingi ya sanaa izungukayo dunia huikosa hatua hiyo, na huikosa kwa sababu ya haraka tu.

Na ya kusikiliza yapo mengi. Nchi ya Wanavajo ina kilomita za mraba zipatazo 70,000, kubwa kuliko Rwanda na Burundi zikiunganishwa, na takriban theluthi ya nyumba zake hazina maji ya bomba. Kati ya mwaka 1944 na 1986 zilichimbwa humo tani karibu milioni 30 za mawe ya urani, madini yenye mionzi inayodhuru afya, na migodi zaidi ya 500 ikaachwa bila kusafishwa. Daktari anayewatibu watu wa nchi hiyo hawezi kubandika mandhari tu; urani imo katika picha za Thomas.

Msomaji wa Nairobi atakumbuka mwaka 2009, msanii Mfaransa JR alipofunika mapaa ya mtaa wa Kibera kwa macho na nyuso za wanawake wa hapo hapo. Alitumia turubai zisizopitisha maji, hivyo mvua iliponyesha picha zile zilikinga nyumba. Napima kazi zote mbili kwa swali moja: mwenye ukuta au paa amebaki na nini cha kumfaa?

Karatasi jangwani haidumu. Jua huibabua, upepo wa mchanga huichana, na Thomas hakuhangaika kuihifadhi. Kutodumu huko kulimpa nafasi ya kubandika kinachohitajika kwa wakati wake. Mei 2020, Wanavajo walipokuwa na maambukizi ya korona mengi kwa idadi ya watu kuliko jimbo lolote la Marekani, alibandika kando ya barabara zile zile picha za kuhimiza barakoa na kunawa mikono. Watu walizisoma wakijua zimetoka kwa daktari wao.