Unabadili programu ya usanifu? Okoa kwanza kazi za wateja

KATIKA maduka mengi madogo ya uchapaji, kompyuta moja ya zamani huachwa pembeni kwa sababu moja tu: ndiyo pekee inayofungua kazi za miaka ya nyuma. Humo zimo lebo za asali, vitabu vya risiti, kadi za harusi na kalenda. Siku ikifa, mteja anayetaka "kama zile za mwaka jana" hulazimika kusubiri kazi ianze upya, na hasara ni ya mwenye duka.

Mfano ni PageMaker, iliyotolewa na kampuni ya Aldus mwaka 1985 na kuingia mikononi mwa Adobe mwaka 1994. Toleo lake la mwisho, 7.0, lilitoka mwaka 2001. Nafasi yake ilichukuliwa na InDesign.

Hapo ndipo wengi walipokwama. InDesign hadi toleo la CS6, la mwaka 2012, ilifungua faili za PageMaker kuanzia 6.0. Matoleo ya CC yaliyofuata mwaka 2013 hayazifungui. Januari 2023 InDesign iliacha pia kutumia fonti za zamani za Type 1.

Gharama nayo ipigiwe hesabu. Tangu 2013, matoleo mapya ya InDesign hulipiwa kwa mwezi au kwa mwaka; ukiacha kulipa, programu hufungwa. Duka linalopata fedha kwa msimu lifikirie pia miezi isiyo na kazi. Scribus haina malipo na hutoa PDF, ila fundi atahitaji muda wa kuizoea.

Kabla ya kubadili, fanya haya wakati kompyuta ya zamani bado inawaka:

- Orodhesha kazi zinazorudiwa kila mwaka, uanze na hizo.
- Toa PDF ya kila kazi, fonti zikiwa ndani yake. Hifadhi pia faili asilia pamoja na picha zake.
- Weka nakala mbili, mahali pawili tofauti.
- Chapa kazi moja kwa programu mpya, uilinganishe na ya zamani. Angalia mistari iliyohama na herufi zilizobadilika.
- Usibadili wakati wa pilikapilika za kalenda.

Mkulima anayefungasha asali au unga naye aombe PDF ya lebo yake na kuitunza. Usiache mbachao kwa msala upitao.