C ya Juu katika Miserere ya Allegri

Mwanzoni hakuna cha kushangaza. Kwaya kubwa ya sauti tano inaimba taratibu, wanaume wachache wanaitikia kwa sauti moja tupu, kisha kimya kidogo. Halafu kwaya ndogo ya sauti nne inaingia kutoka mbali. Ndani yake sauti ya mtoto wa kiume inapanda, inapanda tena, mpaka inaigusa C iliyo oktavo mbili juu ya C ya katikati ya kinanda, na kutoka huko inateremka polepole kama mtu ashukaye ngazi gizani. Mtoto huyo ni Roy Goodman, mwenye umri wa miaka 12. Mwaka ni 1963, na wanaoimba ni Kwaya ya King's College, Cambridge, chini ya David Willcocks. Wimbo ni Miserere ya Gregorio Allegri, ulioimbwa kwa Kiingereza badala ya Kilatini.

Wanakwaya wengi wakiisikia rekodi hii hutaka kuiimba hivyohivyo. Nawaelewa, nami nilitaka. Lakini kwanza inafaa kujua uzuri ule umetoka wapi.

Tuanze na mwendo. Allegri alikuwa mwimbaji wa kwaya ya Papa, na utunzi huu ni wa miaka ya 1630. Maneno yake ni Zaburi ya 51, zaburi ya toba. Katika Kanisa dogo la Sistine iliimbwa siku za Juma Kuu, katika sala ambayo mishumaa huzimwa mmoja baada ya mwingine. Muziki wenyewe ni mchache mno. Akodi moja inashikiliwa, maneno yanakaririwa juu yake kama mtu anayesali, kisha sauti zinajongea kidogo na kufunga. Mstari mrefu unabeba maneno mengi juu ya akodi ileile, mfupi unabeba machache. Ukitafuta mapigo ya kuhesabu kwa mguu, sehemu hizo huyapati. Mwendo wake ni wa usemi, na mwalimu anayepiga mkono moja-mbili-tatu-nne hapo anawanyima waimbaji wake pumzi ya maneno.

Tena kuna jengo. Kanisa la King's lina urefu wa mita 88 hivi na dari la mawe lililo juu kama mita 24. Midomo ikishafungwa, sauti inaendelea kuzunguka hewani kwa sekunde kadhaa, na Willcocks anaisubiri. Hakimbilii mstari unaofuata. Kimya kile ni sehemu ya wimbo sawa na nota zilizoandikwa. Mimi niliwahi kuifundisha kwaya yangu mwendo uleule kwa kuiga rekodi, nasi tunaimbia katika kanisa lenye dari la mbao laini na mazulia chini. Kila tuliponyamaza, ukimya ulikuwa mkavu. Ungesikia mtu anageuza karatasi. Wimbo ukawa mzito kama mzigo. Tulipoongeza kasi kidogo na kufupisha vituo, ukaanza kupumua.

Sasa ufunguo, na hapa ndipo penye ajabu kuu. Wimbo umo katika G maina. Anayesoma sol-fa ataandika Do ni B-flati. Kwaya ndogo inaanza mstari wake humohumo, kisha katikati, bila maandalizi yoyote, kila kitu kinahamia C maina, yaani Do inakuwa E-flati. Umepandishwa nota nne ghafla, na ndiyo sababu mtoto anaifikia C ile.

Allegri hakuiandika. Charles Burney alipoichapisha Miserere mjini London mwaka 1771, C hiyo haikuwemo. Mwaka 1831 Mendelssohn, akiwa Roma, aliandika kipande alichokisikia kikiimbwa juu zaidi ya kawaida. Katika kamusi ya muziki ya Grove, mwaka 1880, kipande hicho kiliunganishwa kimakosa na nusu nyingine ya mstari iliyoachwa katika ufunguo wa chini. Mwaka 1951 Ivor Atkins aliandaa toleo lake la Kiingereza likiwa na mshono huo ndani, na toleo hilo ndilo waliloimba Cambridge. Mruko unaowatoa watu machozi umetokana na kosa la uchapaji.

Sioni sababu ya kuona haya kwa kulipenda kosa hilo. Msikilizaji amekaa muda mrefu juu ya akodi zilezile, sikio limezoea, limetulia kama maji ya mtungini. Ufunguo unapohama bila kubisha hodi, moyo nao unahama. Nasikia humo mtu aliyekiri na kukiri, akaishiwa maneno, akainua macho.

Rekodi ya Tallis Scholars ya mwaka 1980, chini ya Peter Phillips katika kanisa la Merton College, Oxford, inatumia C hiyohiyo, kwa Kilatini. Anayeipanda ni Alison Stamp, mwanamke mtu mzima. Sauti yake imenyooka, haina wasiwasi; ni sala ya mtu anayejua atasikilizwa. Kwa Goodman nasikia mtoto anayenyoosha mkono mpaka ncha za vidole, na pumzi yake inakaribia kwisha. Nota ni zilezile, toba ni mbili.

Mstari wa mwisho ndipo kwaya zote mbili zinaungana, sauti tisa kwa mara ya kwanza. Kuhusu mahali hapo tunayo maelekezo ya Roma yenyewe: mwaka 1711 Andrea Adami, aliyeiongoza kwaya ya Papa, alieleza kwamba mapigo yapunguzwe hapo, kwaya iimbe kwa sauti ndogo, na sauti ziachwe zififie kidogokidogo mpaka ziishe.