Bampa Hubadilishwa kwa Muda Gani?

Ukisimama katika gereji yoyote ya jua kali hapa Murang'a asubuhi ya Jumatatu, hutakosa kulisikia swali hili: "Fundi, hii bampa itachukua muda gani?" Naye fundi, bila hata kuchungulia kutoka chini ya gari, hujibu, "Hiyo ni kazi ya saa moja tu, mzee." Mwenye gari hurudi baada ya saa moja. Hurudi tena saa kumi jioni. Kesho yake hurudi amenuna kama mbingu ya Aprili. Je, fundi alisema uongo? La hasha! Alijibu swali aliloulizwa.

Kazi yenyewe ya kufungua bampa na kufunga jingine ni nyepesi. Fundi hufungua boneti, akatoa bolti na klipu za juu, akainama akatoa za chini, kisha akazifikia skrubu zilizojificha ndani ya madigadi. Akishachomoa nyaya za taa za ukungu, kama zipo, huvuta pembe moja kwa upole na bampa lote likaachia. Aliyezoea humaliza kwa nusu saa, na kurudisha jingine nusu saa nyingine. Kinachomchelewesha ni bolti zilizoshika kutu na klipu zilizozeeka, ambazo hukatika ukizitazama tu. Katika magari mapya ya bei, yenye rada au vihisio vya kuegesha hapo mbele, lazima pia virudishwe mahali pake barabara, la sivyo vitamdanganya dereva.

Zamani mambo yalikuwa mengine. Peugeot 504, ambazo ziliwabeba watu wengi wa huku kwenda Nairobi, zilikuwa na bampa la chuma. Likipinda, lilinyooshwa kwa nyundo na safari ikaendelea. Bampa la plastiki likipasuka vibaya, nyundo haina la kulifanyia. Hapo ndipo siku zinapoanza kuliwa.

Kwanza, spea itoke wapi? Aghalabu fundi hupiga simu Nairobi, barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado huiita Grogan, aulize kama lipo lililotumika kutoka Japani. Likipatikana, hupakiwa kwenye matatu. Lakini jina la gari pekee halitoshi. Toyota Probox ilibadilishwa sura ya mbele mwaka wa 2014, hivyo bampa la kabla ya hapo haliingii katika gari la baadaye.

Pili ni rangi, na hapa ndipo penye mtihani. Bampa husuguliwa kwa msasa, likaoshwa, likapakwa praima inayoshika plastiki. Fundi akiiruka hatua hiyo, rangi itabambuka kama ganda la kitunguu. Kisha hupigwa rangi tabaka kwa tabaka, kila moja ikisubiriwa, na mwisho vanishi ya kung'aza. Kupulizia ni dakika chache. Kukauka ndiko kunakotaka usiku mzima. Na gereji zetu nyingi hazina chumba cha rangi, jamani! Vumbi jekundu likipita, unaanza upya. Ukungu wa asubuhi au baridi ya Julai ikiingia, vanishi hufifia ikawa kama maziwa.

Hata hivyo, jambo kubwa zaidi nililishuhudia likizoni, mjomba alipopeleka Probox yake baada ya kugonga kigingi. Alitaka itoke siku hiyo hiyo, kwani ndiyo inayomlisha; hubeba maparachichi. Bampa lilipotolewa, sote tulinyamaza. Nyuma ya bampa huwa kuna chuma kilichokingama, kazi yake ikiwa kupokea kishindo na kukigawa kwenye chesisi kabla hakijafika kwenye redieta. Chuma hicho kilikuwa kimepinda zamani, upande mmoja hauna bolti, umefungwa kwa waya! Gereji moja ya mji mwingine ilimtengenezea gari miaka miwili nyuma, kwa muda wa saa moja kama alivyotaka, na rangi ilipendeza sana. Muda wote huo alikuwa akiteremka makona ya Kangema na mzigo, akitukalisha sisi watoto mbele kwa zamu.

Mjomba hakusema tena neno "haraka". Chuma kilifika Jumanne, bampa likafika Jumatano (la kwanza lilikuwa la modeli nyingine, likarudishwa), mvua ikala Alhamisi nusu nzima. Gari lilitoka Ijumaa jioni likinuka rangi. Fundi alimkataza kuliosha kwa wiki moja, naye Jumamosi alfajiri alikuwa njiani kwenda Kangema kupakia.